Maswali ya Wasomaji: Picha ya Nyanya, Kanzu ya Kijivu na Mwezi wa Bamburi

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, picha, na mimi hii kazi naipenda kupita kiasi kwa hivo majibu mengine yatakua marefu, nivumilieni. Zilizofanana nimezijibu pamoja.

Salaam aleikum Ami. Nimepata picha ya nyanya yangu kwenye sanduku la mamangu, nyeusi na nyeupe, ilipigwa studio ya hapa hapa Mombasa miaka ya sitini. Kaketi, nywele wazi, gauni la mikono mifupi, saa mkononi na pembeni redio kubwa. Nyanya yuko hai alhamdulillah, nilipomuonyesha alicheka akasema redio si yake, saa si yake, hata gauni aliazima kwa shoga yake. Sasa najiuliza, hii picha yatuambia nini kama kila kitu ni cha kuazima, si ni uongo? Alafu nataka kuiposti manake ni nzuri ajabu lakini mamangu amekataa katakata. — Binti wa Tudor

Waaleikum salaam binti yangu. Una maswali mawili hapo na la pili ndilo zito, lakini tuanze na hilo la uongo.

Picha za kupangwa zimeanza zamani sana, karibu siku moja na picha zenyewe. Ufaransa walitangaza njia ya kupiga picha ya mtu aitwaye Daguerre mwaka 1839, na mwaka uliofuata tu, 1840, kuna mtu mwengine wa huko huko Ufaransa akiitwa Hippolyte Bayard, na yeye alikua amevumbua njia yake ya kupata picha kwenye karatasi lakini serikali ikampa Daguerre heshima yote, basi Bayard alifanya nini, akajipiga picha amefumba macho kama maiti aliyezama majini, na nyuma ya picha akaandika kwamba huyu ni Bayard, amejitosa kwa kunyimwa haki yake. Alikua mzima kabisa. Kufa hakufa lakini uchungu wake ulikua wa kweli, na mpaka leo ukiiangalia ile picha unauona.

Sasa njoo upande wetu. Hapa Mombasa studio ya Parekh ilifanya kazi kuanzia miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1980, wateja wake walikua watu wa kila kabila na kila dini, na kule Bamako Mali kulikua na Seydou Keïta aliyefungua studio yake mwaka 1948. Keïta alikua na suti, tai, saa, redio, kalamu, hata pikipiki ya Vespa, mteja anachagua anachotaka kupigwa nacho. Pazia lake la nyuma la kwanza lilikua shuka la kitandani kwake. Na picha yenyewe mara nyingi alipiga moja tu kwa mteja mmoja, filamu ilikua ghali, kwa hivo kila kitu lazima kikae sawa kwanza, bega, shingo, kidole kimoja kimoja, ndo abonyeze. Hata hapa kwetu miaka ya 1990 pale Likoni karibu na feri walikuwako wapiga picha na vibanda vyao, na mapazia yamechorwa meli na ndege, mtu ambaye hajawahi kupanda ndege anasimama mbele yake anapigwa. Unafikiri wale watu walikua wanamdanganya nani? Mamake kule bara akipokea ile picha alijua fika mwanawe hana ndege. Alichokua anaangalia ni kama mwanawe amenenepa au amekonda, na kama anatabasamu.

Kwa hivo rudi kwa nyanya yako, na uiangalie tena ile picha ukiisahau redio. Angalia mkono wenye saa ameuweka vipi, manake mtu asiyezoea saa huuweka mkono mbele kidogo ionekane. Angalia kidevu. Yule ni msichana amekwenda na miguu yake mwenyewe mpaka studio, pengine na huyo huyo shoga yake mwenye gauni, akaamua leo nataka kuonekana hivi. Redio ni ya studio lakini uamuzi ni wake, na kwangu mimi picha ya mtu aliyeamua mwenyewe aonekane vipi ina ukweli mwingi kuliko ile ya mtu aliyeviziwa. Muulize huyo shoga alikua nani, muulize walikwenda siku gani, waliambiana nini njiani, na uandike nyuma ya picha kwa penseli laini, usitumie biki, biki huminya karatasi na wino hupenya ukatokea mbele.

Sasa hilo la kuposti. Umesema nywele wazi na mikono mifupi. Nyanya yako alivua buibui ndani ya chumba kimoja, mbele ya mtu mmoja aliyemuamini, na baada ya hapo ile picha ikaenda kwenye sanduku, na miaka yote hii imekaa kwenye sanduku, haikuwekwa ukutani. Hayo yalikua makubaliano hata kama hayakuandikwa popote. Mamako ameyaelewa bila kuelezwa. Wewe una bahati kubwa kwamba mwenyewe yuko hai, kwa hivo usibishane na mamako na wala usiniulize mimi, muulize yeye, na umuonyeshe kwenye simu yako itakavyokua, umwambie kabisa watu nisiowajua wataiona na hatuwezi kuirudisha tena. Akikataa basi. Itengeneze kopi nzuri uwagawie dada zako na nyumba yote itakua nayo. Akikubali, iposti na jina la studio kama limepigwa muhuri nyuma.

Shikamoo Ami. Mimi nina kamera ya mtumba na lensi ndefu, napenda kupiga watu Marikiti na Mji wa Kale. Juzi nimempiga mzee muuza kahawa amejipumzisha na dele lake pembeni, nlikua mbali hakuniona. Picha imetoka safi, nimeposti na watu wameipenda sana. Mjukuu wake ameniandikia anataka niitoe. Mimi nasema barabarani ni pa watu wote, na wapiga picha wakubwa wa dunia walipiga hivo hivo. Nani ana haki hapo? — Kijana wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Itoe leo, alafu tuzungumze.

Ni kweli wakubwa walipiga hivo na sitakuficha. Kuna picha moja ya mwaka 1930 hivi, ya mpiga picha Martin Munkácsi wa Hungary, inajulikana kama vijana watatu wa Ziwa Tanganyika, wako uchi wanakimbilia mawimbi, wametupa mgongo, miili yao myeusi juu ya povu jeupe, yani utasema wanaruka. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha mkubwa wa Ufaransa, alipoiona alikua bado kijana na amesema mwenyewe kwamba ile picha ndo iliyomuonyesha kamera yaweza kukamata kitu kisichoisha ndani ya nukta moja ya wakati. Mambo yote ya kungojea ile sekunde yenyewe ambayo sisi tunafundishana mpaka leo, kwake yalitoka hapo. Na yeye kamera yake ndogo ya Leica aliibandika tepu nyeusi isimetemete watu wasiione. Lakini sasa angalia, jina la picha lasema vijana watatu tu. Jina la Munkácsi tunalo, la Cartier-Bresson tunalo, la wale watoto halimo, na bila wao hakuna picha. Hilo huwa linaniuma kila nikiiona, na bado naiona nzuri, yote mawili kwa pamoja.

Alafu kitu kimoja wengi hawakijui, Cartier-Bresson kazi yake kubwa aliifanya na lensi ya milimita 50. Hiyo huwezi kupiga nayo mtu ukiwa ng'ambo ya barabara, lazima usogee, uwe pale pale, mtu akigeuka akuone. Wewe umetumia lensi ndefu, umekaa pale ambapo mzee hana njia ya kukukatalia. Mimi hapo ndo napoweka tofauti, kama mtu hana nafasi ya kusema hapana basi hujapewa kitu, umechukua.

Kisheria pia usijiamini sana. Katiba ya 2010 kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya uso wa mtu inahesabiwa ni data yake. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na kilabu kimoja kikatozwa 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja. Hao walikua wafanyabiashara na wewe pengine unaposti kwa kupenda tu, lakini siku ukiiuza ile picha kwa hoteli au kwa kalenda mambo yatakua mengine.

Kuna wakati wa kupiga bila kuuliza, nakubali. Mpiga picha wetu Mohamed Amin alipokwenda Ethiopia mwaka 1984 akatoa zile picha za njaa hakupita akiomba ruhusa mtu kwa mtu, na dunia nzima iliamka kwa ajili yake. Mtu huyo alipoteza mkono kwenye mlipuko Addis Ababa mwaka 1991 akarudi kazini, mpaka akafa kwenye ndege iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro mwaka 1996. Lakini jiulize, kahawa ya yule mzee ni janga gani ambalo dunia lazima ijue?

Ukitaka picha nzuri kuliko hiyo fanya hivi. Nenda pale saa za alasiri, kaa kwenye kibaraza, agiza kahawa na kashata, kamera iweke mapajani wazi waione. Usipige. Kesho rudi tena. Wazee watakuuliza hiyo kamera ya nini, waambie ukweli, watakuuliza wewe mtoto wa nani, waambie. Ikifika siku hawakuangalii tena ndo utaanza kuona vitu ambavyo kutoka mbali hukuviona, vile anavyovigonganisha vikombe viwili vitatu kwa mkono mmoja kuita wateja bila kuinua kichwa, vile anavyolishika dele kwa kitambaa kimekua cheusi mahali pamoja tu pale pa kidole gumba. Picha ya kile kidole gumba haina mwengine mjini. Na ukiipata ichape, umpelekee kopi mkononi kabla hujaionyesha kwa mtu mwengine yeyote.

Ami, mimi napiga picha za harusi, nyingi upande wa wakina mama. Shida yangu ni bwana harusi na wazee wake, kanzu nyeupe zatoka kijivu kama zimefuliwa vibaya, na nikija kwa wakina mama wenye mabuibui nyuso zinapauka. Na wale weusi kabisa kama mimi nikiwasha flashi wanatoka na rangi ya majivu. Kamera ni nzuri. Nakosea wapi? — Dada wa Majengo

Dadangu hili ni swali ambalo kila mtu hapa pwani angefundishwa siku ya kwanza, na vitabu vingi havilisemi manake vimeandikwa kwa watu wengine.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu wala buibui. Chenyewe kimewekwa kuamini kwamba kila unachokielekezea, ukichanganya weusi na weupe wake, ni kijivu cha katikati, wanasema ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukijaza kanzu kwenye fremu kamera inaona nyeupe ni nyingi mno, inapunguza, kanzu inatoka kijivu na uso unazidi kuzama. Ukijaza mabuibui inaona giza, inaongeza, nguo inakua kijivu na nyuso zinapauka. Kwa hivo dawa ni wewe kuipinga kwa makusudi. Kanzu zikijaa ongeza kati ya stopu moja na moja na nusu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu) kwenye kile kitufe cha kuongeza na kupunguza, mabuibui yakijaa punguza moja. Na bora kuliko yote pima kwenye uso wenyewe, weka upimaji wa nukta, ule unaopima mahali padogo tu, elekeza shavuni, kisha funga. Nguo itajipanga yenyewe. Piga RAW, yani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza, ili vile vipambo vya shingo ya kanzu uweze kuviokoa baadae.

Majivu yanatoka kwa vitu viwili, flashi ya moja kwa moja na poda. Poda nyingi zina chembe zinazorudisha mwanga wa flashi zikawa nyeupe, kwa jicho hazionekani, kwenye picha bibi harusi kapakwa unga. Mwambie fundi wa vipodozi mapema mjaribu picha moja kabla ya kuanza. Na flashi igeuze, ipige darini au kwenye ukuta mweupe, ikirudi inakua laini. Kama harusi ni Mji wa Kale una bahati, zile kuta za chokaa zenyewe ni taa, msimamishe bibi harusi kivulini akiangalia ukuta wa ng'ambo unaopigwa na jua, hutahitaji flashi kabisa. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, ule mstari wa mwanga kwenye shavu na mfupa wa pua, kwa hivo tafuta mwanga wa ubavuni mkubwa na mpole, usiuogope mng'ao ukaufuta.

Na usidhani ni wewe tu. Kodak, ile kampuni ya filamu, miaka na miaka walikua wanatuma kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mwanamke mzungu, kadi zenyewe ziliitwa Shirley, ndo rangi zisawazishwe kwa ngozi yake, kama uso wake umetoka sawa basi mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka vile tulivyotoka. Na waliofanya kazi kule wamesema kilichosaidia kubadilisha filamu ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, rangi za kahawia za bidhaa zao hazikua zatofautika. Kwa hivo albamu ya harusi ya wazazi wetu ikiwa imetoka giza usiseme mpiga picha alikua mbovu, alipewa filamu ambayo haikutengenezwa kwa kumfikiria bibi harusi wake. Wewe leo uwezo unao. Na tafadhali mtu asiyekuomba umfanye mweupe usimfanye mweupe kwenye kompyuta.

Ami kuna picha inazunguka kwenye magrupu, mwezi mwandamo juu ya bahari Bamburi, mpigaji asema aliipiga na simu mara tu baada ya magharibi. Nyumbani tumegombana, wengine wasema mwezi umeonekana, picha ndo hiyo. Picha si ushahidi? — Msomaji wa Bombolulu

Mambo ya kufunga na kufungua waachie wanaohusika, mimi nazungumzia picha peke yake.

Mwezi mwandamo baada ya magharibi uko upande jua lilipozama, yani magharibi, na haukai sana unalifuata jua. Sasa wewe unakaa Bombolulu unajua, ukisimama ufukweni Bamburi ukaangalia bahari umeangalia wapi? Mashariki. Ile picha kama kweli ni ya Bamburi na ule mwezi kweli uko juu ya bahari basi ni ya alfajiri, mwezi unaoisha, au ni ya mahali pengine, au imeunganishwa. Angalia pia pembe zake. Sisi tuko karibu na ikweta, mwezi mchanga kwetu mara nyingi hulala chali kama mashua, ukiuona umesimama wima kama herufi ya C uulize maswali.

La pili ni simu yenyewe. Mwaka 2023 watu walijaribu simu ya kampuni moja kubwa, wakauonyesha mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta mpaka hauna alama yoyote, na simu ikatoa mwezi wenye mabonde na madoa. Kampuni ikaeleza kwamba programu yao inautambua mwezi kisha inauongezea maelezo. Yani yale mabonde hayakupita kwenye lensi. Hilo mimi sipendi na nalisema wazi, manake kwenye studio redio ya kuazima iliwekwa na watu wawili wanaojua, hapa mwenye simu mwenyewe hajui kwamba amewekewa kitu.

Kwa hivo mwambieni aliyeipiga atoe faili lenyewe, lile lililopita kwenye grupu huwa limeshavuliwa saa na mahali. Akiwa nalo litaonyesha saa.

Lensi yangu imeota kitu kama utandu wa buibui ndani. Nifanyeje? — Msomaji wa Nyali

Ni kuvu, ugonjwa wa hewa yetu ya pwani. Usiifungue mwenyewe, mpe fundi mapema, ikikaa sana inakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo haitoki tena. Ukisharudishiwa usiirudishe kwenye begi la kitambaa wala kabatini gizani, tafuta kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia vile vipakiti vya silika, na uvikaushe vikishajaa maji. Lensi yenyewe itumie mara kwa mara, mwanga wa jua unaisaidia. Na ukitoka kwenye chumba cha eyakondishen kwenda nje acha kamera ndani ya begi limefungwa nusu saa hivi ipate joto polepole, ukiitoa hapo hapo itajaa umande mpaka ndani, na kuvu huanzia hapo.